Mabehewa Ishirini na Mawili Yasiyo na Pa Kwenda

Kwa miaka thelathini na moja nililipwa kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Chekeni mkitaka. Mjukuu wangu anayesomea umeme alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini ninyi mnaoingia karakanani siku hizi na buti mpya na simu mfukoni, nani kati yenu anaweza kuniambia kwa sikio tu kama gurudumu lina ufa? Mimi naweza, hata sasa ambapo sikio langu la kushoto limechoka. Nipeni basi muda kidogo, niwaambie jinsi nilivyoharibu kazi moja kubwa na jinsi ilivyotengenezwa.

Kwanza mjue nilivyoanza, msije mkadhani nilizaliwa na nyundo mkononi. Gurudumu zima ukiligonga linalia, sauti inakaa. Lenye ufa linajibu kifupi, kama sahani iliyopasuka. Hilo nililijua siku ya kwanza. Juma la pili nikagonga treni nzima ya kwenda Sakania, na magurudumu manane mfululizo yakanijibu vibaya. Nikachora msalaba wa chaki juu ya kila moja, nikasimamisha treni, nikaenda kumtafuta mwalimu wangu nikiwa nimejaa fahari. Nilijiona nimeokoa roho za watu.

Mwalimu wangu aliitwa Papa Donatien. Baba yake alikuja kutoka kaskazini ya Katanga kujenga hii njia yetu ya reli, naye alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na hakuwahi kukimbia kwa ajili ya mtu yeyote. Alikuja akitembea polepole, akatazama misalaba yangu.

«Gervais, fungula frein kwanza.»

Nikafungua breki.

«Sasa piga.»

Nikagonga. Magurudumu yote manane yakalia vizuri kabisa. Breki ikishika gurudumu, sauti haiwezi kukaa, na mimi sikuwa nimeitazama breki hata mara moja.

«Tiens,» akasema, «yote balifufuka. Weye uko nani, Gervais? Prophète?»

Kwa miezi mingi jina langu karakanani likawa Prophète, yaani nabii. Hata mpishi wa kantini aliniita hivyo. Nawaambia haya ili mjue kwamba mtu anaweza kukosea vibaya na bado akafika kwenye pensheni.

Sasa vita. Ninyi mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa bado mnabebwa mgongoni, nchi ilipokatika vipande. Kaskazini kulikuwa na mapigano, na treni zikawa hazipiti tena. Kusini kazi iliendelea, lakini kwa mabehewa machache, yale mapya ya rolementi, yaani beringi. Mabehewa ya zamani ya kwenda kaskazini, yenye paa na milango ya kusukuma, yalirudi moja moja mpaka karakana ikajaa. Mwishowe yalisimama ishirini na mawili kwenye njia ya nyuma, karibu na ukuta. Kwenye karatasi za ofisi yaliandikwa mabehewa ya ziada. Njia yetu ni nyembamba, mita moja na kidogo kati ya reli na reli, kwa hiyo huwezi kuyapeleka nchi yoyote unayotaka. Yalikuwa hayana pa kwenda.

Watu wakaingia ndani. Hawakuomba ruhusa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwatoa. Zilikuwa familia zilizokimbia mapigano, nyingi kutoka kwetu kaskazini, na zilipofika Lubumbashi hazikuwa na mtu. Katika behewa la saba aliishi mama mmoja na watoto wake wanne. Tulimwita Mama Monga. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, aliyejua kila jambo lililotokea kwenye ile njia ya nyuma, na alitundika pazia la maua kwenye mlango wa behewa lake kana kwamba anakaa kwenye nyumba nzuri ya mtaa wa Bel-Air.

Halafu tukasikia kwamba katika kituo jirani wezi wamemaliza mstari mzima wa mabehewa. Hapa lazima niwafundishe kitu, maana ninyi mmezoea rolementi. Katika behewa la zamani, shingo ya ekseli inazunguka ndani ya boksi lenye mafuta, na juu ya shingo hiyo kinakaa kipande cha bronzi kilichopindwa kama kigae cha paa. Kifaransa wanaita coussinet. Sisi tulisema bronzi tu. Uzito wote wa behewa unakaa juu ya bronzi nane. Wezi waliipenda kwa sababu inayeyuka upesi na kuuzika upesi. Behewa lisilo na bronzi ni nyumba ya chuma tu, haliendi popote.

Papa Donatien akaongea na mkuu wa karakana, nao wakakubaliana kimya kimya: tutoe bronzi zote sisi wenyewe, tuzifiche, na badala yake tuweke vipande vya mbao ngumu ili mabehewa yasimame. Kazi hiyo nikapewa mimi na jeki mbili. Tulinyanyua mabehewa na watu wakiwa ndani. Watoto wa Mama Monga walipiga makofi nyumba yao ilipopanda, na mama yao akatoa kichwa kwenye pazia.

«Eh, Tata Gervais! Uyue mboga yangu iko yulu ya moto! Ikimwangika, utakula weye mwenyewe chini!»

Sasa sikilizeni kosa. Bronzi inapokaa miaka juu ya shingo moja, inalika kufuata shingo hiyo hiyo. Ukiihamishia shingo nyingine, inagusa mahali padogo tu, inapata joto, mafuta yanaungua, na ekseli inaweza kukatika treni ikiwa mwendoni. Kwa hiyo Papa Donatien aliniambia waziwazi: kila bronzi ifungwe peke yake kwenye kitambaa, na kipande cha bati chenye namba ya behewa, namba ya ekseli, na upande. Alirudia mara mbili. Nami nikaitika mara mbili.

Bati lilikuwa kidogo. Kuchonga namba kwa patasi kulichukua muda. Na mimi nilikuwa mkaguzi, mtu wa chaki; chaki ilikaa sikioni kwangu kama kalamu ya seremala. Nikaziandika namba kwa chaki, juu ya bronzi zenyewe, kwa mwandiko mzuri sana ambao mwalimu wangu wa shule angeusifu. Kisha nikazipanga kwenye mapipa manne, nikamwaga mafuta juu yake zisiharibike, tukaziba, tukazifukia chini ya makaa ya zamani kwenye chumba cha wahunzi.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Nilikuwa nimemaliza siku tatu kabla ya muda.

Mapipa yalikaa kule zaidi ya mwaka. Vita havikuisha. Siku moja asubuhi akafika injinia kutoka ofisi kuu, mtu mrefu mwenye miwani, pamoja na karatasi. Ofisi ilikuwa inatafuta chuma cha kuuza. Akatembea njia ya nyuma yote, akainamia boksi moja, akaona mbao.

«Haya mabehewa yamekwisha,» akasema kwa Kiswahili safi cha shule. «Hayana hata bronzi. Nitaandika yakatwe yote.»

Papa Donatien alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

«Chef, bronzi iko. Tuliificha fasi ya muzuri.»

«Mzee, bronzi pekee haitoshi. Yamesimama miaka.»

«Chef, unipe wiki moya. Nitatoa wagon sita, tutaiyaza muchanga, tutaenda nayo Likasi na kurudia. Ikifika muzuri, uache yote ishirini na mbili. Iko kazi inakuya. Vita haiko ya milele.»

Injinia akazitazama tena karatasi zake. Nadhani hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye karatasi.

«Wiki moja,» akasema. «Lakini sikiliza. Boksi moja tu likipata moto njiani, nakata.»

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Kama yale mabehewa sita yangeenda Likasi na kurudi, ishirini na mawili yangebaki kwa siku ambayo njia ya kaskazini ingefunguka, na wale watu wangekuwa na kitu cha kuwarudisha kwao. Yasipoweza, moto wa gesi ungeyakata vipande, na watu wangelala nje ya ukuta.

Jioni hiyo tukafukua pipa la kwanza. Papa Donatien akatoa bronzi moja, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua tangu ile ya kwanza. Chaki juu ya mafuta! Hata mtoto wa shule ya chekechea angejua. Bronzi mia moja sabini na sita, na hakuna hata moja iliyojua ilikotoka.

«Gervais. Namba iko wapi?»

«Papa, naliandika na craie.»

«Yulu ya mafuta?»

«Yulu ya mafuta, Papa.»

Nilitamani anitukane. Nilitamani anipige kwa ile bronzi. Akaketi juu ya pipa, akavua kofia. Kisha akacheka kidogo, bila furaha.

«Prophète,» akasema. «Bon. Tutaanza na zile za nene.»

Ngoja niwaeleze jinsi tulivyofanya, kwa sababu siku moja mtaihitaji, na hakuna kitabu kitakachowaambia. Tulizipanga bronzi chini kwa unene, kwa kupima kwa kidole na kwa kalipa, kile chuma cha kupimia unene. Kisha kwa jinsi ncha zake zilivyolika. Hapo kila shingo ikabaki na bronzi tano au sita ambazo zingeweza kuwa zake. Halafu unapaka shingo rangi nyembamba, unaweka bronzi, unaibana na kuizungusha kidogo, unaitoa. Mahali penye rangi ndipo panapogusa. Kama rangi imeenea, umepata. Kama iko mahali padogo, unakwangua hapo kwa kikwangulio, taratibu, kiasi cha vumbi tu, na unarudia tena. Mara ishirini, mara thelathini. Ukikwangua kwa hasira umeiua.

Rangi yenyewe inatakiwa iwe ile ya buluu ya kupimia. Wakati wa vita hapakuwa na buluu mji mzima. Tulijaribu chokaa, ikashindwa. Tulijaribu wino, ukakauka. Mama Monga alikuwa amekaa mlangoni anatutazama tunavyohangaika.

«Munatafuta nini, kintu ya mweusi?»

«Ndiyo, Mama. Ya laini.»

«Muko bajinga, bote babili. Kuya muone sufuria yangu.»

Masizi ya sufuria iliyopikiwa kwa kuni, yakichanganywa na tone la mafuta ya mawese, ni bora kuliko ile buluu ya Wazungu. Siwatanii. Ni laini na hayakauki. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa njia ya nyuma aliyeosha sufuria yake kwa nje. Walituletea kila asubuhi tuzikwangue, na wao wenyewe wakajaza mifuko ya mchanga ya kupakia. Walijua vizuri kwa nini.

Kulikuwa na desturi karakanani, nasikia mmeiacha: anayeweka bronzi ndiye anayepanda behewa lake safari ya kwanza. Kwa njia hiyo mtu hakwangui ovyo. Papa Donatien aliweka za mabehewa manne, mimi mawili. Moja lilikuwa la saba, nyumba ya Mama Monga, ambaye alihamia kwa jirani na pazia lake.

Tuliondoka asubuhi, injinia akiwa nasi. Mpaka Likasi kila boksi lilikuwa baridi. Injinia mwenyewe alishuka akagusa yote arobaini na nane, nami nikamfuata nyuma nikihesabu kimoyomoyo kama mtu anayesali rozari. Tukageuka. Nilikaa mlangoni pa behewa la saba, miguu nje, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikasikia njaa.

Tulikuwa tumepita zaidi ya nusu ya njia ya kurudi nilipoisikia harufu. Mafuta yanayoungua hayafanani na kitu kingine; ukiyanusa mara moja hutayasahau. Nikalala kifudifudi, nikachungulia chini. Boksi la pili, upande wangu. Moshi mwembamba sana, ambao mtu wa behewa la mbele au la nyuma asingeuona.

Nisiwafiche kitu. Nilifikiri kunyamaza. Injinia alikuwa kwenye behewa la mwisho na hakuona lolote. Nilihesabu vituo vilivyobaki. Huenda ingefika. Huenda ningemwaga mafuta kwenye kituo kinachofuata na hakuna ambaye angejua. Na nikimwambia, ishirini na mawili yote yanakatwa, kwa mkono wangu, kwa ajili ya chaki yangu. Lakini kama shingo ile ingekatika kwenye mteremko uliokuwa mbele yetu, behewa la nyuma lingepanda juu yangu, na katika lile behewa la nyuma alikuwamo Papa Donatien. Nikatoa kitambaa chekundu nje na kukipunga.

Treni ikasimama. Injinia akaja anatembea juu ya kokoto. Papa Donatien akaja vile vile, kwa mwendo wake wa siku zote.

«Nani ameona?» injinia akauliza.

«Mimi.»

«Nani aliweka hii bronzi?»

«Ni mimi njo naliweka.»

Papa Donatien akateremsha jeki. Tulilinyanyua behewa pale pale njiani, tukasubiri boksi lipoe, tukatoa bronzi. Ilikuwa imeng'aa mahali padogo kama ukucha. Akanipa kikwangulio mimi, hakukishika yeye. Nikakwangua kwenye jua kali, masizi yakiwa kwenye kopo, injinia akiwa amekaa juu ya reli ananitazama bila kutoka. Zaidi ya saa mbili. Kisha tukafika Lubumbashi na lile boksi lilikuwa baridi kuliko mengine.

Kesho yake injinia alituita.

«Nilisema moto mmoja, nakata. Siwezi kurudi ofisini nikiwa nimekula maneno yangu.» Akaivua miwani, akaifuta. «Moto mmoja, behewa moja. Mengine ishirini na moja yatabaki. Nitaandika kwamba yanatembea, na kwamba kuna watu wa kuyatembeza.»

Nilitaka kurukaruka. Papa Donatien hakuruka. Alishukuru, akatoka nje, akaenda moja kwa moja stoo, akarudi na bomba la gesi la kukatia chuma, akaniwekea mkononi.

«Wagon ya saba,» akasema. «Utakata weye.»

Nimekata vyuma vingi maishani, ila hicho ndicho pekee ninachokiota. Mama Monga alisimama kando na watoto wake, mikono kiunoni. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia yote, chaki na mafuta na haraka yangu ya kijinga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

«Kata muzuri,» akasema. «Na milango uniachie yote mbili. Nitaweka kule kwa jirani, batoto bangu balale mbali na baridi.»

Nikamwachia milango. Niliikata kwa uangalifu zaidi kuliko kitu chochote nilichowahi kukata.

Vita viliisha baadaye, kwa namna vita vinavyoisha kwetu, polepole na kwa vipande. Njia ya kaskazini ikafunguliwa, na treni ya kwanza ilivuta mabehewa yetu ya zamani kwa sababu ofisi haikuwa na mengine ya kupeleka. Papa Donatien alikuwa amestaafu. Bronzi zote zilizobaki ziliwekwa na mimi, kwa masizi, moja moja, na kila moja na kipande chake cha bati. Nikapanda, pamoja na Mama Monga na watu wa njia ya nyuma. Siku nyingi njiani, na kila tuliposimama nilishuka nikazunguka treni yote. Sikulala sawasawa hata usiku mmoja. Hakuna boksi lililopata moto. Hata moja.

Tulipofika kituo cha kwao Mama Monga, hapakuwa na paa juu ya stesheni, lakini watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye reli. Miaka yote ile hawakuwa wameona treni. Walilia, wakaimba, wakagusa mabehewa. Mimi nilikuwa nimeegemea gurudumu la mwisho, nimechoka, na nikalia pia, wala sioni haya kuwaambia. Mama Monga alishuka, akakumbatiwa na dada yake, akakumbatiwa na kijiji kizima. Kisha akajichomoa katikati yao akanijia, amekunja uso kama siku zote.

«Tata Gervais. Hizi wagon zinarudia Lubumbashi bule?»

«Zinarudia bule, Mama. Hakuna mizigo.»

«Hakuna mizigo, nani alisema?» Akageukia wale watu, akapaza sauti yake ile. «Eh! Muache kulia! Muende mulete samaki, mulete mihogo, mulete mawese! Treni inangoya!»

Wakakimbia. Kabla jua halijashuka nilikuwa nabishana na watu wa magunia, nawaambia warudi juma lijalo, maana katika mabehewa yote ishirini na moja hapakuwa tena na mahali pa kuweka hata kikapu.